Ukarimu wa Antonio

Mchezo wa William Shakespeare ambao kwa Kiingereza huitwa kwa cheo cha mfanyabiashara mmoja wa Venice, ulifasiriwa kwa Kiswahili na Julius Nyerere, ukachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Yafaa msomaji asimame mlangoni kwanza, kabla ya kuingia ndani, alitazame jina hilo. Katika asili mfanyabiashara ni mmoja. Katika tafsiri ni wengi. Katika asili ni mtu wa kununua na kuuza, neno lisilo sifa wala lawama. Katika tafsiri ni bepari. Neno hili lilikuja pwani yetu pamoja na matanga ya Bara Hindi, na zamani lilimaanisha tajiri mwenye biashara kubwa, mtu wa kuheshimiwa na kuombwa mkopo. Lakini miaka miwili kabla ya tafsiri hii kutoka, mwezi wa Februari 1967, Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa, na neno lilelile lilikuwa limegeuka kuwa jina la mnyonyaji. Mfasiri ndiye aliyekuwa Rais wa nchi iliyotangaza azimio hilo. Ni vigumu kuamini kwamba alilichagua usingizini.

Basi mabepari hao ni nani? Shylock mkopeshaji hapana shaka yumo. Lakini cheo cha Kiingereza ni cha Antonio, na kwa kulifanya jina kuwa la watu wengi mfasiri amewatia wote wawili katika jarife moja. Hapo ndipo ubishi wangu na vitabu vingi vya kusaidia mtihani unapoanza. Vitabu hivyo hutufundisha kwamba Antonio ni mwema kwa kuwa hukopesha bure, na Shylock ni mwovu kwa kuwa hukopesha kwa riba. Mmoja hutanguliza watu, mwingine hutanguliza faida. Fundisho hilo si uongo mtupu. Lakini ni kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine: hufunika mwili, ila hapa yabana na pale yapwaya.

Kisa chenyewe ni kifupi. Bassanio, kijana wa ukoo bora aliyetapanya mali yake, ataka kwenda Belmont kumposa Portia, mwanamke tajiri. Hana mavazi wala watumishi wa kumfaa mposaji wa daraja hiyo. Amwendea rafiki yake Antonio, ambaye alimkopesha zamani wala hajalipwa. Antonio hana fedha mkononi, maana mali yake yote i baharini. Kwa hiyo amwambia akatafute mkopo mjini kwa dhamana ya jina lake. Shylock, Myahudi mkopeshaji, akubali kutoa dukati 3,000 kwa miezi mitatu bila riba, kwa sharti kwamba deni lisipolipwa siku yake atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Habari zaja kwamba merikebu zimezama, siku yapita, na Shylock adai haki yake mbele ya Mtawala wa mji. Portia, ambaye sasa ni mke wa Bassanio, aja barazani amejigeuza mwanasheria mwanamume, akaonyesha kwamba hati yataja nyama wala haitaji damu. Shylock ashindwa, akapoteza mali yake na hata dini yake.

Tumtazame Antonio kama mfanyabiashara kwanza, kwa sababu ukarimu wake haupimiki mpaka tujue alikuwa mtu wa namna gani kazini. Katika maneno ya mwanzo kabisa ya mchezo rafiki zake wadhani amehuzunika kwa kuhofia merikebu zake. Yeye akana. Awaambia kwamba hakuitia mali yake yote katika chombo kimoja, wala hakuipeleka mahali pamoja, wala utajiri wake wote hautegemei bahati ya mwaka huu. Baadaye twasikia merikebu hizo zilikokwenda: Tripoli, Meksiko, Uingereza, Lisbon, pwani ya kaskazini ya Afrika, na Bara Hindi. Huyu si mjinga wa biashara. Aijua kanuni ambayo kila mwenye jahazi aijua, ya kugawanya hatari ili dhoruba moja isimfilisi.

Kisha Bassanio aingia, na mtu huyu mwenye hadhari aivunja kanuni yake mwenyewe mara moja. Mali aliyoigawa kwa akili pande sita za dunia aifunga yote, pamoja na mwili wake, katika hati moja ya siku moja. Hata namna anavyoombwa yastahili kuangaliwa. Bassanio haombi kama mhitaji. Aomba kama mtu anayetangaza biashara. Asema kwamba alipokuwa mwanafunzi, akipoteza mshale, alikuwa akirusha mwingine upande uleule na kuuangalia zaidi, akaipata yote miwili. Basi Antonio amkopeshe tena, na pengine deni la kwanza na la pili yatarudi pamoja. Ni hoja ya ulaghai kidogo, na kila aliyewahi kukopwa mara mbili na mtu mmoja ataitambua. Antonio hakasiriki kwa sababu ya fedha. Akasirika kwa sababu ya hoja. Amwambia rafiki yake kwamba anapoteza wakati kumzunguka kwa maneno mengi, na kwamba kuutilia shaka upendo wake ni kosa kubwa kuliko kuimaliza mali yake yote. Aseme tu lililo haja, naye atalitenda. Sijui mahali pengine katika mchezo huu ambapo kutanguliza mtu mbele ya faida kumeonyeshwa kwa usafi kama hapa. Mwombaji aleta lugha ya soko, na mfanyabiashara ndiye anayeikataa.

Tena Shakespeare alilipunguza kwa makusudi lile ambalo lingeifanya kazi hii kuwa wajibu. Kisa hiki alikitoa katika hadithi ya Kiitalia iliyopigwa chapa mwaka 1558, na katika hadithi hiyo mkopaji ni mzee aliye baba wa ubatizo wa kijana yule, aliyemlea kama mwanawe. Katika mchezo Bassanio aitwa jamaa ya Antonio mara moja tu, kwa kinywa cha mtu apitaye. Baada ya hapo habari yote ni urafiki. Kwetu ambako mjomba hulipa karo ya mpwa wake na watu hawashangai, tofauti hii ni kubwa. Mjomba asipolipa hulaumiwa. Antonio asingelaumiwa na mtu.

Hapa basi kanzu yakaa vizuri. Inaanza kubana tufikapo katika jambo la riba.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa kwa nini riba yachukiwa. Qurani imeiharimisha, na Kanisa la zamani za kati katika Ulaya liliikataza pia. Lakini London ya siku za Shakespeare haikuwa safi katika jambo hilo. Sheria ya mwaka 1571 ilivumilia riba isiyozidi 10 kwa 100, na John Shakespeare, baba wa mtunzi, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba kinyume cha sheria ya wakati ule. Watu walioketi kumzomea Shylock walikuwa wakikopa na kukopesha kama yeye. Wala tusijione mbali nao. Misafara ya karne ya 19 kutoka Unguja kwenda bara isingalisogea hatua moja bila mkopo. Tippu Tip mwenyewe alipata mali ya safari zake kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Anayekopesha mali iendayo mwitu wa Manyema, au baharini, huenda asiione tena, na mtu asiyejua hofu hiyo hawezi kuhukumu upesi.

Shylock aeleza sababu za kumchukia Antonio, na msomaji mwenye haraka hupita juu yake. Amchukia kwa kuwa ni Mkristo. Lakini zaidi, asema, kwa kuwa Antonio hukopesha fedha bure na hivyo hushusha kiwango cha riba katika Venice yote. Fikiri maana yake. Katika soko, mtu mmoja mwenye ghala lililojaa akianza kugawa mahindi bure kila Ijumaa, muuza mahindi jirani yake hana la kufanya ila kufunga duka. Mwenye kugawa aweza kuwa na nia njema kabisa. Aweza pia kuwa na nia ya kulifunga duka la jirani. Kwa kutazama mahindi peke yake hatuwezi kujua. Itatubidi tumtazame usoni anapopita mlangoni kwa jirani yule.

Nasi twaelezwa uso huo ulikuwaje. Antonio amemwita Shylock mbwa. Amemtemea mate juu ya joho na juu ya ndevu. Amempiga teke. Haya si masingizio ya adui, kwa maana Shylock anapomkumbusha siku ile ya kuomba mkopo, Antonio hakani hata neno moja. Asema kwamba yu tayari kumwita hivyo tena, kumtemea mate tena, na kumpiga teke tena; akitaka kukopesha, amkopeshe kama adui, ili siku ya kuvunja ahadi aweze kudai kwa uso mkavu. Naomba msomaji alisome jambo hili polepole. Mtu mwenye kuhitaji dukati 3,000, tena kwa ajili ya mwingine, amtukana anayemwomba, palepale anapomwomba. Hayo si maneno ya hasira yaliyomponyoka. Ni tabia.

Wako watakaosema kwamba ndivyo walivyokuwa watu wa siku zile, na kwamba Shakespeare aliandika mchezo wa kuchekesha. Ni kweli kwamba Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290, wala hawakuruhusiwa kurudi waziwazi mpaka karne ya 17, hata huenda mtunzi hakuwafahamu ila kwa hadithi za kuwasingizia. Ni kweli pia kwamba Venice iliwafungia katika mtaa wao wa peke yao tangu mwaka 1516, na kwamba katika nchi nyingi za Ulaya walizuiliwa kazi nyingine, wakabakizwa katika kukopesha fedha, kisha wakachukiwa kwa kukopesha fedha. Lakini kusema kwamba mtunzi hakuliona kosa ni kumdhulumu. Shakespeare ndiye aliyempa Shylock yale maneno mashuhuri ya kuuliza kama Myahudi hana macho, mikono na viungo, kama hacheki akitekenywa wala hafi akitiwa sumu. Na ndiye aliyemfanya aseme kwamba kisasi anachokitaka amejifunza kwa Wakristo wenyewe. Maneno hayo yamewashinda hata wale waliotaka kuutumia mchezo huu kwa ubaya. Mjini Vienna mwaka 1943, chini ya utawala wa Manazi, mchezo huu ulichezwa ili kuchochea chuki, wakati ambapo Wayahudi wa mji huo walikuwa wamekwisha kukokotwa kwenda kuuawa. Kwa hiyo mwalimu atakayeuweka jukwaani shuleni, na kuwaacha wanafunzi wamcheke Shylock bila kuulizwa wanacheka nini, afanya jambo zito kuliko anavyodhani.

Lipo jambo jingine ambalo nadhani msomaji wa Afrika ya Mashariki ndiye awezaye kuliona vema kuliko msomaji wa Uingereza. Shylock anapoulizwa barazani atatarajiaje huruma ilhali yeye haoni huruma, ajibu kwa swali. Asema kwamba mabwana wa Venice wana watumwa wengi waliowanunua, nao huwatumia kama punda na mbwa, kwa sababu waliwanunua. Je, akiwaambia wawaache huru, wawaoze binti zao, wawape vitanda laini kama vyao, watajibu nini? Watajibu kwamba watumwa ni mali yao. Basi naye ratili ya nyama ameinunua ghali, ni mali yake. Katika baraza lile lililojaa watu wema hapana hata mmoja anayemjibu. Mtawala atafuta njia ya kuliahirisha baraza. Antonio yupo, naye anyamaza.

Kwetu, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na utumwa katika pwani ya Kenya ukafutwa kisheria mwaka 1907, ukimya huo hauwezi kupita bila kusikika. Antonio aliyewahurumia wadeni, watumwa hakuwaona. Huruma yake ilikuwa na mpaka, kama shamba, na nje ya mpaka huo ilikuwa Venice kama ilivyokuwa siku zote.

Lakini haki kwa wote, na Antonio apewe yake. Anapokamatwa na kupelekwa gerezani, aeleza kwa kifupi sababu ya Shylock kutaka maisha yake: kwamba mara nyingi amewaokoa watu waliomlilia, ambao walikuwa karibu kunaswa na hati za Shylock. Hapo kukopesha bure kwapata sura nyingine. Si kugawa mahindi Ijumaa ili jirani afunge duka. Ni kumlipia mtu deni lake asubuhi ile ambayo dalali yu mlangoni. Mtu aliyekuwa apoteze nyumba hakupoteza. Mbele ya mtu huyo, hoja yangu yote ya mate na mateke ni baridi, nami nakiri kwamba yeye angekuwa na haki ya kunicheka. Na Shylock mwenyewe, akizungumza na Tubal, athibitisha kwamba jambo hili lilimuuma mfukoni: Antonio akiisha kuondoka katika Venice, asema, atafanya biashara kama apendavyo. Yaani kisu alichokuja kukinoa barazani kilianza kunolewa kwa ajili ya faida.

Kilianza, nasema, kwa sababu hakikuishia hapo. Kati ya hati na hukumu, binti yake Jessica atoroka na Lorenzo, kijana Mkristo rafiki wa Bassanio, pamoja na kasha la fedha na vito vya babaye. Twasikia kwamba alitumia dukati 80 kwa usiku mmoja, na kwamba pete ambayo mama yake alimpa Shylock kabla ya kuoana aliibadilisha kwa kima. Baada ya hayo Shylock hatafuti faida tena. Barazani aletewa mara mbili ya deni, azikataa. Aambiwa atapata mara tatu, yaani dukati 9,000, azikataa. Bepari gani akataaye dukati 9,000 kwa ajili ya nyama isiyouzika, ambayo yeye mwenyewe asema haina thamani hata ya nyama ya mbuzi? Katika saa hiyo mtu pekee wa mjini aliyeacha kabisa kufikiri kibiashara ni Shylock. Hili halimfanyi mwema. Ila laonyesha kwamba kuitupa faida peke yake si fadhila: Antonio aitupa kwa upendo na Shylock aitupa kwa chuki, na hesabu katika daftari zao ni ileile.

Kinyume cha hayo, mji wa Venice wenyewe hausahau biashara hata dakika moja. Rafiki anapomtumainisha Antonio kwamba Mtawala hatakubali hati ya namna hii itimizwe, Antonio ajibu kwamba Mtawala hawezi kuizuia sheria. Kwa maana wageni wakinyimwa haki yao katika Venice, sifa ya mji itaharibika, na biashara na faida ya mji ni ya watu wa mataifa yote. Mtu aliyehatarisha mwili wake kwa kumsaidia rafiki akubali kufa ili watu wa kigeni wasipoteze imani yao kwa mahakama ya biashara. Ni mfanyabiashara mpaka mwisho! Nadhani hapa Antonio ni mkubwa kuliko pale alipotoa dhamana, ingawa vitabu vya mtihani havisemi hivyo.

Kuhusu hukumu yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa yamekwisha kusemwa. Portia ahubiri rehema kwa maneno mazuri kupita yote ya mchezo, na muda si mrefu Shylock apokonywa yote. Sheria yatoa nusu ya mali yake kwa Antonio na nusu kwa serikali. Serikali ipo tayari kuibadili nusu yake iwe faini ndogo. Na Antonio? Aulizwa waziwazi ni rehema gani awezayo kumwonea mtu huyu. Aomba serikali iache faini. Hapo ni mpole. Aomba nusu yake abaki nayo mkononi mwake mpaka Shylock afe, kisha ampe Lorenzo, yule aliyemtorosha Jessica. Hapo neno analolitumia laweza kuwa la amana tu, au laweza kuwa la fedha izungushwayo katika biashara, na wachambuzi wamelibishania. Mwisho ataka Shylock awe Mkristo, na aandike wasia wa kumrithisha Lorenzo na Jessica chochote atakachokuwa nacho. Shylock asema kwamba hajisikii vizuri, aomba ruhusa ya kuondoka, na hatumwoni tena. Mwenye kutaka kuiita hiyo rehema na aiite. Mimi naona mkono uleule uliokuwa ukitema mate kwa njia ya kinywa, safari hii umeshika kalamu.

Kuna habari ya makasha matatu huko Belmont, ya dhahabu, ya fedha na ya risasi, ambayo mposaji wa Portia lazima achague moja. Kasha la risasi, lililo na picha ya Portia ndani, limeandikwa kwamba atakayelichagua hana budi kutoa na kuhatarisha yote aliyo nayo. Bassanio alichagua, akashinda. Lakini Bassanio alitoa nini? Mavazi aliyovaa yalinunuliwa kwa fedha ya Antonio, nayo Antonio aliipata kwa kuweka nyama yake rehani. Aliyehatarisha yote ni mmoja. Aliyepewa bibi arusi na hazina ni mwingine. Sidhani Shakespeare hakuliona hili, maana tendo la mwisho laonyesha maarusi wakitaniana kwa pete chini ya mbalamwezi, na Antonio amesimama kati yao peke yake, hana mke, hana chombo, hana la kusema ila kujitoa tena kuwa mdhamini wa Bassanio mbele ya Portia. Safari hii aweka rehani roho yake. Bado hajajifunza kukataa.

Ndipo mtunzi alipopoteza ujasiri. Portia ampa Antonio barua, na katika barua yaonekana kwamba merikebu zake tatu zimefika bandarini salama, zimejaa mali. Barua ilipatikanaje? Portia asema kwamba hawatajua ilimfikiaje kwa bahati ya ajabu. Nami sitaki kujua. Mchezo mzima umetutaka tuamini kwamba kuna mtu aliyetoa bila kutazama nyuma. Sasa, kwa kuwa watazamaji walilipa kiingilio na wanataka kwenda nyumbani kwa furaha, anarudishiwa mali yake kama mtoto arudishiwaye senti na mchuuzi. Shakespeare angalimwacha Antonio maskini Belmont, akila chakula cha Portia na kutazama bahari, mchezo usingechekesha, lakini tungalijua kwa hakika bei ya yale aliyoyatenda. Merikebu zinazozama katika Bahari ya Hindi hazirudi kwa barua, na watu waliomaliza akiba zao kwa ajili ya wengine katika vijiji vyetu walimaliza kweli.

Limebaki swali moja ambalo nimelitafutia jibu ndani ya mchezo nisilipate. Wale wadeni walioponywa na Antonio, waliomlilia naye akawalipia, walikuwa wapi siku ya baraza? Bassanio yupo. Gratiano yupo, akipiga kelele. Matajiri wa mji wapo. Lakini katika mji ule ambamo mtu mmoja alikuwa amewafaa watu wengi kiasi cha kuharibu bei ya riba, hatuoni hata mmoja wao akija na dukati mbili mkononi, au akisimama mlangoni tu ili Antonio amwone. Huenda walizuiliwa nje. Huenda walikuwa kazini, wakitafuta fedha ya kodi. Twajua habari zao kwa sentensi moja tu, tena iliyosemwa na mtu mwingine, mbele ya mlinzi wa gereza. Wakati mwingine nisikiapo kwamba shule fulani itaucheza mchezo huu, hutamani mwalimu awape watu hao nafasi, bila kuongeza neno katika maandishi: wavulana na wasichana watano au sita, wamevaa nguo za kazi, wamesimama nyuma ya baraza, wakitazama. Katika orodha ya wachezaji hawamo.